Kadi Mbili na Kisigino cha Babu Yako

Mosocho, Jumamosi alasiri

Kerubo mwanangu,

Salamu za kukuuliza hali sina, maana asubuhi tumekunywa chai pamoja na jioni tutakula pamoja. Sasa hivi uko Nyansiongo kwa shangazi yako unaaga, na mimi nimejifungia humu studio, mitambo yote imezimwa kwa sababu Sabato haijaisha. Nimekaa kwenye kiti chako. Nilitaka kujua unaona nini ukikaa hapa, nikakuta unaona migomba ya jirani na kipande kizuri cha barabara, huku mimi miaka yote nikitazamana na ukuta. Ungeniambia tubadilishane.

Mambo ya kufunga mlango vizuri, ya kutolala na njaa, na kanisa gani liko karibu na mahali utakapokaa, mama yako ameyamaliza. Nimemsikia jikoni wiki nzima akiyarudia mpaka nikahisi ni mimi ninayehamia Nairobi. Sitayagusa. Mimi nataka kusema juu ya begi lako.

Juzi nilipita mlangoni kwako nikakuona ukitoa nguo kwenye begi na kuzirudisha kabatini. Nilipouliza ukaniambia unazipanga upya. Mama yako ndiye aliyenipa ukweli baadaye, kwamba umemwambia hutaki tena kwenda, na kwamba ile studio iliyokuita ukajifunze ufundi wa sauti itafute mtu mwingine. Akakuuliza sababu, ukamjibu, "Nikienda, nani atamsikilizia Tata?" Tata ni mimi baba yako, na nimelala na hilo swali na nimeamka nalo. Gari ni kesho asubuhi na sijui kama utapanda.

Basi nikaona nikuandikie. Tukiongea kwa mdomo utanikatiza kwa mzaha, na mimi nikikatizwa hucheka na kusahau nilichotaka kusema.

Nianze na masikio, tusifichane. Ni mabovu. Kabla ya studio nilisaga unga pale sokoni miaka mingi, nimeegemea mashine ya posho inayonguruma tangu asubuhi mpaka giza liingie. Wateja, walionijua kama mwalimu wa kwaya, walikuwa wakinipigia kelele, "Mwalimu, unga wangu umetoka mkubwa!" nami nawajibu, "Karibu tena." Ile mashine ilichukua sauti zote nyembamba. Nyenje sijawasikia tangu sijui lini. Filimbi naiona tu mtu akiipuliza. Lakini sauti nzito bado ninazo: besi ya kwaya, mlango ukibamizwa, na mama yako akiita jina langu lote akiwa amekasirika. Sina kinyongo na mashine ile, ilitulisha na ikakusomesha. Ninachosema ni kwamba mtu wa masikio kama haya hakuwa na ruhusa ya kufungua studio, na nilifungua kwa sababu nilikuwa na wewe.

Unakumbuka tulivyoanza. Kanda ya kaseti, maiki moja katikati ya chumba, trei za mayai ukutani, na kwaya imeizunguka maiki kama watu wanaoota moto. Wewe ulisimama nyuma yangu. Ukinivuta shati mara moja, sauti ya pili wamepotea. Ukinivuta mara mbili, kanda inakwaruza. Watu wakasema mwalimu wa kwaya wa Mosocho ana masikio makali sana, na mimi nikanyamaza nikapokea sifa. Mashati yangu yote ya miaka ile yamechakaa upande mmoja wa nyuma. Mama yako alipotaka kuyafanya matambara ya jikoni nilikataa, na sikumwambia kwa nini.

Halafu ikaja tamaa ya chaneli nyingi. Kanda ilikuwa inatupa sauti zote zimeshikana. Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza akipiga makelele, basi amepiga, kwaya imekwenda nyumbani na makelele yake yamebaki. Nilitaka kila sauti iwe na njia yake, ili jioni, watu wakishaondoka, niweze kuinua hii na kushusha ile. Nikaenda mjini Kisii kwa Jayant. Wewe unamjua kama mzee anayekupa peremende juu ya kaunta, lakini kwangu alikuwa mtu pekee katika wilaya nzima aliyekesha akisoma vijitabu vya vifaa vya sauti kama mimi. Baba yake aliuza gramafoni katika duka lile lile. Yeye na mimi tulijua jambo moja barabara, nalo ni kuhesabu matundu nyuma ya mtambo. Mwenye matundu mengi ndiye mkubwa.

Kadi ya sauti yenye njia nyingi ilikuwa ya kuagizwa mbali. Dukani alikuwa na kadi mbili za kawaida, kila moja na njia mbili za kuingiza sauti.

"Mwalimu, hii mbili, hii mbili," akasema, akiziweka sambamba juu ya kaunta. "Mbili na mbili ngapi?"

"Nne."

"Sasa shida iko wapi?"

Sikuiona shida. Tukazichomeka zote mbili ndani ya kompyuta moja, na kompyuta ikazikubali bila kulalamika. Programu nayo tuliichagua kwa macho. Ilikuwa na vitufe vya rangi na aina nyingi za mwangwi, na mimi nikaumwaga mwangwi ule juu ya kila kitu. Kwaya ya kwanza kutoka Birongo ulipoisikiliza uliniuliza, "Tata, mbona wanaimba wakiwa ndani ya kisima?" Nilikasirika kidogo. Na kusema kweli mwenyekiti wao alikipenda kile kisima, akaomba kiongezwe.

Tuliujaribu mtambo kwa nyimbo za kanisani. Beti tatu, beti nne, amina, umekwisha. Kila kitu kikakaa mahali pake, sauti nne chini ya kidole changu, nikajiona nimefika. Jayant akaja mwenyewe kusikiliza akiwa na boksi la biskuti. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba wimbo wa kanisani ni mfupi.

Sasa babu yako. Utanisamehe nikisimulia yaliyotokea mbele yako, ila nataka uyaone kutoka upande wangu. Alitoka Birongo Jumapili ile akiwa amebeba obokano, kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane, amekifunga blanketi kama mtoto mgonjwa. Alikuja kuimba wimbo wake wa ng'ombe, ule wa ujana wake alipokuwa mkamuaji kwenye shamba la mzungu huko Nyansiongo. Kila ng'ombe ana jina lake na tabia yake, na kando ya kila ng'ombe anatajwa mtu aliyemkamua. Akiuanza hausimamishi mpaka ng'ombe wote wamerudi zizini, na hilo huchukua zaidi ya nusu saa. Kuukatisha katikati ni kuwaacha wanyama na watu njiani, na yeye hakuwaacha watu njiani.

Nilimwekea maiki nne. Moja mdomoni na moja mbali kidogo ya kushika chumba, hizo zikaenda kadi ya kwanza. Mbili kwenye nyuzi, zikaenda kadi ya pili. Tatizo likawa kisigino. Babu yako akipiga obokano hupiga na kisigino chini, na siku ile alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani juu ya sakafu ya saruji. Du, du, du, katika maiki zote nne. Mimi nilitaka usafi. Nilitaka nyuzi ziwe nyuzi tupu na sauti iwe sauti tupu. Nikakunja lile blanketi nikalisukuma chini ya mguu wake.

"Hii ni ya nini?" akauliza.

"Ni ya kuzuia mguu, Tata. Unaingia kwenye maiki."

"Na mimi nitaimba na nini?"

Akalisukuma pembeni kwa kiatu. Wewe ulikuwa kwenye kiti hiki, hedifoni kichwani, ukacheka mpaka ukaziba mdomo. Nikaona nimeshindwa na watu wawili wa nyumba moja, nikabonyeza kitufe. Akaimba mpaka mwisho, akapangusa uso, akaomba chai, akarudi kwake.

Tulipoketi kusikiliza, mwanzo ulikuwa mzuri mno. Lakini kadiri wimbo ulivyosonga, nyuzi zikawa zinabaki nyuma. Mwishoni kabisa anamwita ng'ombe kwa jina, na kinubi kinaitikia kama kiko ng'ambo ya mto. Hata mimi na masikio yangu niliisikia hiyo. Ndipo nikasema lile neno. Nikasema, "Babu yako amezeeka. Mkono haufuati mdomo tena." Nikapanga kumwita arudie kipande cha mwisho. Uliinuka ukatoka nje.

Hakurudia. Unajua ugonjwa ulivyomchukua haraka. Tukamzika Birongo, na ndugu zangu wakaniuliza kama ni kweli nimemrekodi, nikawaambia ni kweli, bado natengeneza. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na wimbo ule wote kichwani. Nikabaki na rekodi ambayo ndani yake baba yangu anasikika amechoka, na kila nilipoikumbuka nilijilaumu kwa kutomwita miaka kumi mapema.

Basi siku moja ukaingia jikoni ukamwomba mama yako sufuria na kijiko. Akadhani unataka kupika. Ukaweka maiki mbili kando kando, moja ya kadi hii na moja ya kadi ile, ukawasha mtambo, ukagonga sufuria kwa kijiko mara moja. Ukaniambia tukale. Tukasonga ugali, tukala, tukaosha vyombo, mtambo ukiwa bado unarekodi kimya chetu. Ukarudi ukagonga tena. Halafu ukanionyesha kwenye kioo. Pigo la kwanza, zile alama mbili zilikuwa zimelala pamoja kama mtu na mkewe. Pigo la mwisho, moja iko huku na nyingine kule.

"Si Babu," ukasema. "Babu yuko sawa, Tata. Ni kadi zako."

Ukanieleza kwamba kila kadi ina saa yake ndani, na kila moja inaamini saa yake. Ni kama kuwatuma watu wawili wakahesabu, kila mtu na mwendo wake. Kwa wimbo wa beti tatu hawajapata muda wa kuachana. Kwa ng'ombe wa babu yako waliachana.

Nilitoka nje nikasema nakwenda kuangalia tanki la maji. Sikuangalia tanki. Nilisimama nyuma yake nikalia, na hiki ndicho nilichotaka kukuambia tangu siku ile na sikupata njia. Nililia kwa furaha, kwa sababu mkono wa baba yangu ulikuwa mzima mpaka ng'ombe wa mwisho. Ni wewe uliyenipa habari hiyo. Asante, Kerubo. Mtu anaweza kumfanyia mzazi wake mambo mengi, kumjengea, kumvika, lakini wewe ulimsafishia babu yako jina mbele ya mwanawe, na ulikuwa bado unavaa sare ya shule.

Kwaya zilikuwa zinangoja na diski ilikuwa ndogo. Nilitaka ukishaurekebisha wimbo tufute ile rekodi ya kwanza. Ulisimama mbele ya kompyuta ukaniambia hata ile mbaya isifutwe, na ulivyosema nilimsikia babu yako akilisukuma blanketi. Jayant aliposikia mambo ya sufuria alifunga duka akaja. Ulimgongea na yeye. Akavua miwani, akasema, "Mwalimu, samahani. Hesabu yangu mbaya." Nikamwambia hesabu ile tuliifanya wote. Siku iliyofuata akaleta diski nyingine, ameitoa kwenye kompyuta ya duka lake mwenyewe, na ndiyo iliyohifadhi wimbo. Namshukuru kila nikipita pale. Muuzaji anayerudi kusikiliza kosa la alichokuuzia ni ndugu.

Likizo nzima ukakaa hapa. Maiki za nyuzi zilikuwa zimeshika pia sauti ya babu kwa mbali, ile iliyovuja kutoka mdomoni mwake, na mimi nilikuwa nimeilaani ile mivujo kwa sababu ilinichafulia kazi. Wewe uliishika kama kamba. Ukakata nyuzi vipande vipande, ukavisogeza, ukisikiliza ule uzi mwembamba wa sauti mpaka wazee wawili wakawa mzee mmoja. Mimi sikuisikia hata kidogo. Nilikuwa naleta chai na kuondoa vikombe. Ukaumaliza, tukawagawia ndugu kaseti, na shangazi yako wa Nyansiongo aliposikia jina la mama mkwe wake likitajwa kando ya ng'ombe aliziba uso kwa kanga.

Kule unakokwenda, miaka hii ya tisini ikielekea kwisha, watakuweka mbele ya mitambo ambayo Jayant na mimi tunaiona kwenye picha tu. Watakutajia idadi ya chaneli, kasi ya prosesa, programu mpya kuliko ya mwezi uliopita, na utapata hamu, kwa sababu hata mimi nikisoma tu napata hamu. Usione aibu kwa hamu hiyo. Ila wakikuuliza wanunue nini, na siku moja watakuuliza, uliza kwanza saa ni ya nani. Kama ni vyombo viwili, kimoja kikubali kufuata saa ya mwenzake. Hiyo kadi yetu ya njia nane ambayo Jayant aliihangaikia mpaka ikafika, uzuri wake kwangu si hizo nane. Uzuri wake ni kwamba zote nane zinahesabiwa na saa moja. Na uzuri wake wa pili uliugundua wewe siku ya yule mwimbaji wa sauti ya tatu aliyekuwa anapunguza mwendo kila ubeti. Kwenye mtambo wa zamani sauti yake ilikuwa inazunguka ndani ya programu kabla ya kumrudia kwenye hedifoni, inamfikia imechelewa, naye anaingoja kwa heshima; kadi hii humrudishia papo hapo. Tulikaribia kumfukuza kwaya mtu mwenye adabu tu.

Na mtambo wowote ujaribu kwa kazi ndefu kuliko zote ulizo nazo. Kwa kazi fupi wote ni wazuri. Programu ichague inayokuruhusu kurudi nyuma na isiyogusa rekodi ya kwanza. Hayo unayajua, ulinifundisha wewe, nayarudia tu ili nione yanavyopendeza nikiyaandika.

Jingine ni la watu. Mimi nilikuwa mwepesi wa kusema mzee amechoka. Nilikiamini chuma nikamshuku baba yangu, kwa sababu chuma kilikuwa kipya. Huko utakutana na mwimbaji anayeonekana hawezi, na mkubwa atakayesema aondolewe. Omba sufuria kwanza.

Watakucheka lugha. Sisi tukiongea Kiswahili, Kikisii kinachungulia kila mahali, hata mimi nikiandika nasikia mama yako ananisahihisha. Waache wacheke, kisha uwaambie ni chaneli gani imechelewa.

Sasa lile gumu. Mama yako aliponiambia kwamba unataka kubaki, kabla sijasema chochote, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nakuambia ili ujue hunionei huruma bure, ni kweli nakuhitaji. Nimefikiria mwimbaji akipotea na hakuna mkono mgongoni. Nimeogopa. Lakini nimefikiria pia wewe ukiwa na umri wangu kwenye kiti hiki, unatazama migomba, na masikio hayo yote yakiwa yamesikiliza Mosocho peke yake kwa sababu yangu. Hilo nimeliogopa zaidi.

Kwa hiyo wiki hii kuna jambo nimelijaribu kwa siri. Silitaji bado, kwa sababu sijui kama limefaulu, na hakimu ni mtu mmoja tu naye yuko Nyansiongo anakula ndizi. Jua likizama nitawasha mtambo, na wewe ukiingia nitakuwa nimeuweka wimbo wa babu yako. Nitamalizia barua hii baada ya hapo. Ikiwa nimeshindwa nitaandika hivyo hivyo, nimeshindwa, na utaamua mwenyewe ukijua.

Jua liko juu ya migomba. Nangoja.

*

Ni jioni. Uko jikoni na mama yako, nasikia vifuniko vya sufuria.

Uliingia na mtungi wa maziwa ya shangazi yako. Mtambo ulikuwa tayari unapiga, nilikuwa nimeuanzisha pale ng'ombe wanapoanza kurudi. Ukaweka mtungi chini. Ukaja ukasimama nyuma ya kiti, mahali pako pa zamani, na sikugeuka. Wakapita wote. Babu yako alipomwita Rosi, yule mvivu anayeingia zizini wa mwisho kila siku, nyuzi zikaitikia pale pale. Nilikuwa nimekaza mgongo nikingoja shati livutwe. Ukaniwekea mkono begani, ukasema, "Hapa mwisho palinitoa jasho, Tata. Lakini palikaa."

Kerubo, hapo mwisho si kazi yako. Ni yangu.

Ulipokuwa ukizunguka kuaga wiki hii, niliifungua ile mbaya uliyonikataza kuifuta, nikaitengeneza upya tangu ng'ombe wanapogeuka mpaka mwisho. Ile sauti iliyovuja bado siisikii, sitakudanganya. Lakini kisigino nakisikia. Ni kizito, ni cha upande wangu. Na kwenye kioo kila kisigino ni kilima kidogo kinachosimama katika mistari yote minne. Nikachukua rula ya mama yako, nikaisimamisha juu ya kioo, nikasogeza vilima vya nyuzi mpaka vikakaa chini ya vilima vya sauti, kimoja baada ya kingine. Palinitoa jasho mimi pia. Kama blanketi lingekaa pale nilipoliweka, leo nisingekuwa na cha kushika.

Kazi yako sijaigusa. Iko nzima kwenye ile diski ya Jayant, na diski iko ndani ya begi lako, katikati ya magauni ya kanisani ili isigongwe. Nguo zote ulizozirudisha kabatini nimezitoa nikazirudisha begini. Nimezikunja vibaya, utazikunja tena ukifika.

Barua naiweka juu ya begi. Ulisimama nyuma yangu mpaka Rosi akaingia, na shati langu hukulivuta.

Baba yako anayekushukuru,
Tata